Kutuma data kupitia mwili kwa saketi zinazokula umeme kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayejua kushika chuma cha kulehemu na kusoma mchoro wa saketi, ila hajawahi kuutumia mwili wa binadamu kama waya. Jibu linapohitaji jambo lililokwisha kuelezwa, limeelekezwa huko.

## Kwa wanaoanza

Data inapitaje mwilini? Ina maana umeme unapita kwenye damu?

Damu ni sehemu ndogo tu ya habari. Mwili umejaa maji yenye chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Msuli, kwa mfano, kwenye megahezi 1 una upitishaji wa karibu siemensi 0.5 kwa mita. Shaba haiwezi kufananishwa na hapo, lakini kwa kazi yetu inatosha. Ngozi kavu ndiyo inayoleta ubishi, na hata yenyewe hulegea masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) yakipanda kwa sababu huanza kutenda kama kapasita.

Kitumaji kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono hupandisha na kushusha volteji ya mwili mzima kwa kiasi kidogo mno. Kipokezi kilicho sikioni, kifuani au kiunoni huhisi mtikisiko huo huo. Hakuna antena, na kwa masafa ya chini karibu hakuna wimbi linalorushwa hewani.

Wazo hili ni la lini?

Thomas Zimmerman aliliandika kwenye tasnifu yake katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1995. Kifaa chake kilitumia kilohezi 330 na kupeleka biti 2,400 kwa sekunde. Mwaka uliofuata IBM walilionyesha hadharani: watu wawili wanashikana mikono, kadi ya mawasiliano inahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake. Mwaka 2005 kampuni ya NTT ya Japani ilitangaza RedTacton, iliyofikia megabiti 10 kwa sekunde.

Kwa mtu anayejali betri, hatua kubwa zilikuja baadaye. Chuo cha KAIST cha Korea Kusini kilitoa chipu ya megabiti 2 kwa sekunde inayotumia miliwati 0.2 mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kikashuka hadi pikojuli 6.3 kwa biti kwa kasi ya megabiti 30, na baadaye kikatoa kifaa cha kasi ndogo, kilobiti 1 hadi 10, kinachotumia nanowati 415.

Kwa nini nisitumie Bluetooth tu, yamalizike?

Kama unachaji kifaa kila usiku na hakikuudhi, tumia Bluetooth. Nasema hivyo bila kejeli, maana itakuokolea miezi ya kazi.

Tatizo la Bluetooth mwilini ni kwamba gigahezi 2.4 hufyonzwa vizuri na maji, na mwili ni maji. Sikio la kushoto na mfuko wa kulia vinatenganishwa na kizuizi kinachotembea. Redio inalazimika kurusha nishati chumba kizima ili sehemu ndogo ifike sentimita 80 mbele. Redio inayovuta miliampea 5 kwa volti 3 huku ikituma megabiti 1 kwa sekunde inatumia nanojuli 15 kwa biti. Linganisha na pikojuli 6.3 za hapo juu. Mlinganisho huo hauna usawa kamili, kwa sababu Bluetooth inabeba itifaki nzima na chipu ya maabara haibebi, lakini hata ukipunguza mara kumi pengo linabaki kubwa.

Umeme huu utanidhuru?

Tufanye hesabu. Kitumaji cha volti 1 kwenye megahezi 1, chenye njia ya kurudi ya pikofaradi 1, kinasukuma mwilini mikroampea 6 hivi. Mwongozo wa mwaka 2010 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyo ya ioni, unataja miliampea 20 kuwa kiwango cha rejea cha mkondo wa kugusa kwa watu wa kawaida, kati ya kilohezi 100 na megahezi 10. Tuko chini yake zaidi ya mara elfu tatu.

Cha kuogopwa zaidi ni mkondo wa moja kwa moja (DC). Transista ikiungua na betri ikagusana na ngozi kwa saa nyingi, ngozi huumia taratibu kwa mmenyuko wa kikemia. Kiwango cha IEC 60601-1 cha vifaa vya tiba kinaruhusu mikroampea 10 tu za mkondo wa aina hiyo katika hali ya kawaida. Weka kapasita mfululizo na kila elektrodi inayogusa ngozi. Na usimfanyie majaribio mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo.

## Njia ya mawimbi

Hii "njia ya kurudi" ni nini, na mbona kila mtu anaizungumzia?

Umeme hauendi safari ya upande mmoja. Mkondo ukitoka kwenye kitumaji, ukapita mwilini na kuingia kwenye kipokezi, lazima urudi ulikotoka. Mwili ndio waya wa kwenda. Waya wa kurudi haupo, kwa hiyo saketi inafungwa na hewa: bamba la ardhi la kitumaji, lile lisiloelekea ngozi, linaunda kapasita ndogo sana na sakafu, kuta na kila kitu kilicho karibu, na bamba la kipokezi vilevile.

Kwa kifaa cha ukubwa wa saa ya mkononi, chukua pikofaradi 1 kwa kila upande. Mwili wenyewe una pikofaradi 150 hivi dhidi ya ardhi. Volti 1 ya kitumaji inagawanyika kati ya pikofaradi 1 na 150, na mwili unabaki na milivolti 6.6 tu. Halafu kipokezi chenye pikofaradi 10 mlangoni, yaani pale mawimbi yanapoingia, kinagawanya tena: pikofaradi 1 dhidi ya 10, na kinachobaki ni milivolti 0.6. Umepoteza desibeli 64, na mwili wenyewe haujala karibu chochote. Hewa ndiyo iliyokula.

Ukielewa hesabu hiyo, nusu ya ukurasa huu umeshaielewa.

Kuna njia ya kapasita, ya galvani na ya sumaku. Nichague ipi?

Kwa vifaa vya kuvaa, anza na ya kapasita, yaani hiyo iliyoelezwa katika jibu lililotangulia. Elektrodi moja inaelekea ngozi, nyingine inaelekea hewani. Upotevu haubadiliki sana ukihama kutoka mkono hadi mguu, na kitumaji hakina mzigo mzito.

Njia ya galvani hutumia elektrodi mbili zote zikigusa ngozi. Mkondo mwingi unapita kati yao, na sehemu ndogo inayotawanyika ndiyo inayosomwa na jozi nyingine mbali kidogo. Uzuri wake ni kwamba haitegemei sakafu wala kuta. Ubaya ni bili ya umeme: volti 1 kwenye tishu ya kilo-omu 1 ni miliwati 1 nzima, na mawimbi hufifia haraka umbali ukiongezeka. Itakufaa kwa umbali mfupi, na hasa kwa vifaa vilivyo ndani ya mwili.

Njia ya sumaku hutumia koili. Inapita mwilini bila kujali ngozi, ila koili nzuri inataka nafasi na mkondo.

Nitumie masafa gani?

Chini ya megahezi 1 kama unaweza. Huko urefu wa wimbi unazidi mita 300, mwili ni mdogo mno kuwa antena, na hesabu za kapasita zinakubali. Ukipanda kuelekea makumi ya megahezi, mwili wa mtu aliyesimama huanza kuitikia kama antena: unarusha mawimbi nje na kupokea redio za watu wengine. Mawimbi ya FM, megahezi 88 hadi 108, yanapokelewa na mwili kwa furaha kabisa.

Usishuke sana pia, kwani chini ya kilohezi chache utakutana na mvumo wa nyaya za umeme wa nyumbani na ukinzani wa ngozi.

Kuna kiwango rasmi?

Kipo. IEEE 802.15.6 ya mwaka 2012 ina sehemu ya mawasiliano kupitia mwili, katikati ya megahezi 21, upana wa megahezi 5.25. Kwa kifaa cha umeme kidogo sana mimi singekifuata, kwa sababu zilizoelezwa katika swali la masafa. Kama unataka kifaa chako kielewane na cha mtu mwingine, hilo ni suala tofauti.

## Saketi yenyewe

Vifaa vyangu vya maabara vyote ni vya omu 50. Kwa nini naambiwa nisivitumie?

Kwa sababu omu 50 ni karibu sawa na kufunga mlango. Pikofaradi 1 kwenye megahezi 1 ina ukinzani wa kilo-omu 159. Zile milivolti 6.6 zilizofika mwilini zikigawanywa kati ya kilo-omu 159 na omu 50, unapata mikrovolti 2. Kwa mlango wa kapasita ya pikofaradi 10 ulipata milivolti 0.6, yaani karibu mara mia tatu zaidi, bila kuongeza hata mikrowati moja.

Mazoea ya redio yanatufundisha kulinganisha ukinzani ili nguvu ihamie yote. Hapa hatuhamishi nguvu. Tunasoma volteji, na volteji husomwa na mlango mwepesi wenye ukinzani mkubwa: geti la transista ya MOS, rezista ya kuiweka sawa, basi.

Kuna zawadi nyingine. Mlango wa kapasita hugawanya masafa yote kwa uwiano mmoja, kwa hiyo unaweza kutuma mapigo ya biti kama yalivyo. Hakuna wimbi la kubebea, hakuna kichanganyishi, hakuna saketi ya kufungia masafa. Sehemu tatu zinazomaliza betri kwenye redio ya kawaida zinaondoka kwa mpigo mmoja.

Rezista ya mlangoni iwe kubwa kiasi gani?

Mega-omu 1 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikiwa na jumla ya pikofaradi 11, inakata kila kilicho chini ya kilohezi 14.5 hivi. Mvumo wa hezi 50 unashushwa takriban desibeli 49 na rezista moja ya bei ya bure. Nimewaona watu wakijenga chujio la hatua tatu kwa kazi hiyo hiyo, kila hatua na amplifaya yake, kila amplifaya na njaa yake.

Kwenye kitumaji umeme unaishia wapi?

Kwenye kujaza na kumwaga kapasita. Kanuni ni kapasitansi mara volteji ya mraba mara masafa. Pikofaradi 10, volti 1, megahezi 1: mikrowati 10. Punguza volteji hadi nusu, unabaki na mikrowati 2.5. Kipokezi nacho kitaona nusu ya volteji, yaani umepoteza desibeli 6 na kuokoa robo tatu ya umeme. Mara nyingi hiyo ni biashara nzuri, mradi kipokezi bado kiko juu ya kelele.

Ndiyo maana bamba la elektrodi na bamba la ardhi visikae mgongo kwa mgongo kwenye ubao mwembamba. Kapasitansi kati yao haikusaidii kutuma chochote, unailipia tu kila pigo. Watenganishe milimita kadhaa.

Mbona kipokezi changu kinakula kuliko kitumaji?

Ndivyo ilivyo karibu kila mara. Kitumaji kinajua lini kina la kusema, kipokezi kinasubiri. Dawa ni kukilaza na kukiamsha kwa ratiba, au kuweka mlinzi mdogo: kipokezi cha pili, chenye kasi ya chini, kinachosikiliza neno moja tu la kuamsha na kula nanowati.

Ukichagua ratiba, saa ndiyo inayoamua bili. Tuseme vifaa viwili vinakutana kila sekunde 10. Saa ya rezista na kapasita yenye kosa la asilimia 1 inaweza kupotea milisekunde 100, kwa hiyo kipokezi kifunguliwe mapema kiasi hicho. Kikivuta miliampea 1, wastani wa kusubiri peke yake ni mikroampea 10. Kristali ya saa ya mkononi, ile ya hezi 32,768, yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni, inahitaji milisekunde 0.4 hata ukihesabu pande zote mbili. Wastani unashuka hadi mikroampea 0.04. Kristali ni punje ndogo, inunue.

Betri ya kitufe itadumu muda gani?

CR2032 ina miliampea-saa 225 hivi. Kifaa kinachovuta miliampea 1 kwa milisekunde 10 kila sekunde kina wastani wa mikroampea 10. Ongeza mikroampea 2 za usingizini: saa 18,750, yaani miaka miwili na kitu.

Sasa weka kidhibiti cha volteji cha kawaida kinachokunywa mikroampea 50 hata kikiwa hakina kazi. Miaka miwili inakuwa miezi mitano. Sehemu hii husahauliwa kuliko zote, kwa sababu haimo kwenye mchoro wa "mawasiliano". Soma karatasi ya kila kipande, tafuta mkondo wake wa utulivu, jumlisha. Vivyo hivyo rezista za kupima volteji ya betri: mbili za kilo-omu 100 mfululizo kwenye volti 3 zinavuja mikroampea 15 usiku na mchana.

Nikiweka diodi za kuzuia cheche, mawimbi yanapotea. Nifanyeje?

Diodi za kinga zina kapasitansi yake, na yoyote inayoongezwa mlangoni inakula mgawo wako. Diodi ya pikofaradi 30 itageuza zile milivolti 0.6 kuwa chini ya 0.2. Chagua zile za chini ya pikofaradi 0.5, zinazotengenezwa kwa ajili ya nyaya za data za kasi, kisha weka rezista ya kilo-omu chache mfululizo na mlango. Usiziache kabisa. Mtu aliyetembea juu ya zulia anabeba maelfu ya volti, na kidole chake cha kwanza kinaelekea kwenye elektrodi yako.

## Vipimo

Mezani inafanya kazi vizuri. Nikivaa, kimya. Nimekosea wapi?

Angalia nyaya za umeme wa ukutani. Osiloskopu iliyochomekwa ukutani ina ardhi halisi, na ukiunganisha kipokezi nayo umeipa njia ya kurudi ya waya badala ya pikofaradi moja. Kompyuta inayochajiwa inafanya vivyo hivyo kupitia waya wa USB.

Nililipa ada ya somo hili kwa wiki nzima. Kipokezi kilikuwa kinaonyesha milivolti 20 safi, nikajisifu, nikapunguza nguvu ya kitumaji kuokoa betri. Siku ya tano nikachomoa chaja ya kompyuta ili nichaji simu, na mstari kwenye kioo ukalala kama uzi. Nikarudisha chaja, ukaamka. Kumbe siku zote nilikuwa napima chaja.

Pima kwa kifaa cha betri, kidogo, kilichovaliwa kama kitakavyovaliwa. Kipokezi kihifadhi vipimo kwenye kumbukumbu yake, uvisome baadaye.

Nianze na vifaa gani?

Mikrokontrola mbili za kawaida, betri mbili, vipande vinne vya shaba ukubwa wa stempu. Pini moja itoe mapigo ya mraba ya kilohezi 500. Upande wa pili weka amplifaya yenye mlango wa CMOS kisha kilinganishi. Tuma biti kwa kuwasha na kuzima mapigo. Haitashinda tuzo, lakini utasoma herufi zako za kwanza jioni moja. Kabla ya kutengeneza vingi, tazama kanuni za mawasiliano za nchi yako kuhusu masafa uliyochagua.

## Usiri na hali za pembeni

Ni kweli kwamba hakuna anayeweza kunasa mawasiliano haya?

Si kweli, ila ni kazi ngumu kuliko redio. Watafiti wa Purdue walichapisha mwaka 2019 vipimo vya masafa ya chini vilivyoonyesha mawimbi yakinaswa hadi sentimita 15 hivi kutoka mwilini, wakati ya Bluetooth yalinaswa zaidi ya mita 5. Sentimita 15 ni umbali wa abiria mwenzako. Ficha data yako kwa msimbo wa siri kama kawaida.

Watu wawili wakigusana, data inahama?

Inahama, ndilo onyesho lile la mwaka 1996. Hata wasipogusana, miili iliyokaribiana ina pikofaradi kadhaa kati yake, na kipokezi chenye sikio kali kitasikia cha jirani. Kila kifaa kiwe na anwani, na kizingiti cha kupokea kisiwe chini kuliko kinavyohitajika.

Elektrodi lazima iguse ngozi?

Kwa njia ya kapasita, hapana. Shati jembamba ni kapasita nyingine mfululizo, na kwa kuwa ni kubwa mara nyingi kuliko pikofaradi 1 ya kurudi, hutaona tofauti kubwa. Kwa galvani, ndiyo, tena iguse vizuri.

Mtumiaji akishika bomba la chuma au akioga?

Bomba lililounganishwa na ardhi huuvuta mwili mzima kuelekea ardhini, na milivolti 6.6 zinaweza kupungua sana. Hiyo ndiyo hali ya kujaribia kabla ya kutoa bidhaa. Kitumaji kirudie ujumbe hadi kijibiwe badala ya kupandisha nguvu muda wote kwa ajili ya tukio la nusu dakika. Majini bamba la ardhi nalo linalowana, elektrodi mbili zinaunganishwa na maji yale yale, na mawasiliano hukatika. Kifaa kihifadhi data hadi mtu atoke.

Na kifaa kilichopandikizwa ndani ya mwili?

Hapo bamba la ardhi limezungukwa na tishu, haliioni hewa, kwa hiyo hesabu ya njia ya kurudi iliyo juu haifanyi kazi. Wahandisi hutumia galvani: elektrodi mbili kwenye ncha za kidonge au za kifaa, zikitenganishwa kadiri nafasi inavyoruhusu, maana kinachosomwa nje ni tofauti ya volteji inayotokana na umbali huo. Kila milimita unayoongeza kati yao ni umeme ambao hutalazimika kuutoa kwenye betri isiyobadilishika bila kisu cha daktari.